Wagonjwa Wasio na Dawa

Haraka alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono ameibana katikati ya magoti, midomo imemkauka kwa hofu. Jina hilo alipewa kazini. Katika nyumba ya kulelea wazee aliweza kuvalisha watu sita, kutandika vitanda sita na kugawa dawa kabla chai haijapoa, na wenzake wakambatiza Haraka kwa mapenzi tu. Sasa jina lilikuwa limemgeukia. Mtoto wa mzee mmoja aliyefariki humo alilitaja mara nne katika maelezo yake polisi, na kila mara lilisomeka kama ushahidi.

Inspekta alivaa miwani yake iliyokuwa ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mwanamke wa makamo, na hakuwa na tabia ya kupaza sauti. Makonstebo walisema ni afadhali angepaza.

"Nikusomee nilicho nacho," alisema. "Fundi Saa alikufa Jumatatu ya wiki jana, saa chache baada ya kufikishwa hospitali. Mkasema uzee. Ijumaa, mzee mwenzake, Karani, akakutwa hajitambui, jasho chapachapa. Wakampima, sukari mwilini karibu imekwisha, na damu yake ina dawa ya kisukari. Karani hana kisukari. Wakarudi kwenye damu ya Fundi Saa waliyokuwa wameihifadhi. Ni hivyo hivyo. Siku zote mbili, zamu ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu, Afande."

"Ufunguo wa kabati la dawa unakaa wapi?"

"Shingoni kwangu. Hata nikioga."

"Hujawahi kumpa mtu?"

"Sijawahi."

"Unajua ukisema hivyo unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe?"

"Najua. Lakini ndiyo kweli yenyewe."

Inspekta aliandika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amehoji waongo wa kila aina, na wote, wakifika kwenye ufunguo, huuazimisha kwa nusu ya mtaa. Huyu alikuwa ameung'ang'ania na kamba inamkaba.

"Unajuaje kama mzee amemeza dawa?"

"Kikombe kikiwa kitupu, naweka tiki."

"Humwangalii?"

"Wazee kumi na wanne, Afande. Mlezi mmoja. Nikimaliza kumpa wa mwisho, wa kwanza ameshavua nguo." Haraka aliinua uso. "Mwanangu ana miaka mitatu. Tangu jana yuko kwa jirani. Utanifanyaje?"

"Kesho saa tatu asubuhi nakupeleka mahakamani kwa mauaji, ama nakuachia. Hakuna la katikati."

Binti wa watu alianza kulia bila sauti. Inspekta alifunga jalada na kuita gari.

*

Kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee alizuiwa na bibi mrefu aliyevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Bibi alikuwa na trei ya vikombe vidogo vya plastiki.

"Wewe mwanafunzi. Hii ndiyo saa ya kuingia zamu?"

"Samahani, Sista," Inspekta alijibu kabla hajajua anachosema. Sauti ile ilikuwa na amri kuliko mkuu wake wa kituo.

"Samahani haimponyi mgonjwa. Fungua mdomo."

Inspekta akafungua. Ilikuwa pipi ya mnanaa.

"Inua ulimi." Bibi aliinama, akachungulia kulia na kushoto, akaridhika. "Haya, kazini."

Msimamizi wa nyumba alikuja mbio, bwana mnene mwenye tai iliyopinda, akicheka kicheko cha mtu ambaye hajalala siku nne. "Msamehe, Afande. Huyu ni mmoja wa wazee wetu. Alikuwa nesi mkuu wa wodi miaka thelathini na minne. Ugonjwa wa kusahau umemla, hata wanawe hawajui, lakini kazi ndiyo imegoma kutoka. Zamani kila asubuhi alikuwa analia mlangoni kwamba anachelewa. Haraka ndiye aliyebuni: tumpe trei na pipi agawe. Tangu siku hiyo nyumba imetulia tuli."

Inspekta aliitafuna pipi yake na kuomba kabati lifunguliwe.

Kabati lilikuwa la chuma, kwenye ofisi isiyo na dirisha. Leo asubuhi, kwa kuwa Haraka alikuwa mahabusu, dawa aligawa Msimamizi mwenyewe. Inspekta alimwaga vidonge vya kisukari kwenye karatasi, akavihesabu kwa ncha ya kalamu, viwili viwili. Hamsini na viwili. Kitabu cha kupokelea kilisema vilipokelewa tisini. Mzee aliyeandikiwa dawa hiyo alikuwa mmoja tu nyumba nzima, bibi aliyeuza nguo sokoni maisha yake yote, nao walimwita Mama Vitambaa. Kadi yake ilikuwa na tiki za vidonge thelathini na vinane.

Alihesabu tena. Hamsini na viwili, thelathini na vinane, tisini.

"Hakuna kilichopotea," alisema.

"Nilimwambia mtoto wa marehemu hivyo hivyo," alisema Msimamizi. "Anasema Haraka alinunua nje."

"Anunue dawa kwa mshahara mnaomlipa nyinyi, aje kuwapa wazee asiowarithi hata kijiko?"

Msimamizi alianza kurudisha vidonge koponi.

"Niletee kadi za wazee wote."

Alizipanga mezani, kumi na nne. Ya Fundi Saa na ya Karani aliziweka pembeni, akazitazama sana. Wawili hao hawakulala chumba kimoja. Hawakula meza moja. Mmoja alikuwa na wanawe wanne, mwingine hata mpwa hakuwa naye. Kitu pekee walichofanana ni kwamba kadi zao zilikuwa nyeupe. Hawakuandikiwa dawa yoyote.

"Hawa ndio walikuwa wazima kuliko wote," alisema Msimamizi kwa huzuni. "Kichwa tu ndicho kilichosahau. Mwili ulikuwa chuma."

"Wako wengine wenye kadi nyeupe?"

"Mmoja. Dereva, chumba namba kumi na mbili."

Mtu anayeua wazee huchagua mwenye mali, au msumbufu, au aliye mahututi ili aonekane amejifia. Huyu alikuwa anachagua wazima. Alikuwa amewafikia wawili, na alibaki mmoja.

"Yuko wapi sasa hivi?"

Walimkuta Dereva barazani kwenye kiti cha kuegemea, kofia imemfunika uso, kifua kinapanda na kushuka. Sahani ya chakula cha mchana ilikuwa pembeni, haijaguswa. Msimamizi alisema leo amegoma kula, na kwamba wiki jana alianguka bafuni mara mbili, ndio uzee, miguu haina nguvu tena. Inspekta alimtazama mzee aliyelala saa saba na nusu ya mchana, kama wazee wote duniani wanavyolala, na roho ikamtulia.

"Kuanzia sasa asipewe kitu ambacho hujakiona kwa macho yako," aliagiza. "Hata maji. Na sasa nipeleke kwa Mama Vitambaa."

*

Mama Vitambaa alikuwa amekaa kitandani, akikunja leso ileile, akiikunjua, akiikunja tena. Inspekta alikaa karibu yake na kadi yake mkononi. Kulikuwa na jambo moja la ajabu kwenye kadi ile. Mwezi mzima tiki hazikuruka hata siku moja, na mwezi mzima sukari ya bibi ilikuwa ikipanda. Siku kumi na mbili zilizopita daktari, kwa kuona hivyo, akaongeza dozi: viwili asubuhi badala ya kimoja. Sukari ikapanda zaidi.

Wagonjwa wawili wasio na kisukari sukari imeshuka mpaka chini. Mgonjwa mmoja mwenye kisukari sukari imepanda mpaka juu. Inspekta aliigeuza hesabu hiyo kichwani kama anavyogeuza mtu nguo kutafuta upande wa kulia. Dawa haikuibwa kabatini. Ilitoka kabatini kihalali, ikawekewa tiki, halafu ikapotea njiani kati ya kikombe na koo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ya mita ngapi?"

"Leo nimekuja kuuliza habari ya dawa. Zile nyeupe za asubuhi. Unazimeza?"

Bibi aliacha kukunja. Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Siku nyingine."

"Na siku nyingine?"

"Zinaniua zile." Alimshika Inspekta mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Nikimeza, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, mwili mzima unatetemeka, naona giza. Niliwaambia. Wakasema, Mama Vitambaa, umesahau, hujala tu. Nikawaambia tena. Wakaniongezea! Nikasema basi, humu ndani kuna mtu anataka nife."

Msimamizi alisimama mlangoni, akisikia yote. Jasho na tetemeko ndivyo dawa ile inavyomfanya mzee anayekula kidogo. Mtoto wa shule ya uuguzi analijua hilo. Lakini nani angemsikiliza bibi ambaye kila asubuhi anamuuzia mlezi wake kitambaa?

"Sasa mama, usipozimeza unazitupa wapi?"

"Nitupe dawa? Mimi sina adabu?" Bibi alikasirika. "Dawa isiyonifaa namrudishia mwenyewe. Nampa nesi."

"Haraka?"

"Huyo si nesi, huyo ni mtoto. Nesi mwenyewe. Yule anayekuangalia chini ya ulimi."

Inspekta alikumbuka jinsi yeye, Inspekta wa polisi, mwenye bastola kabatini, alivyofungua mdomo alipoambiwa afungue.

"Bwana Msimamizi," alisema polepole, "nilikuuliza kama kuna mtu mwingine anayegawa kitu humu ndani?"

"Hukuniuliza, Afande."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

Bwana mnene alikuwa amegeuka rangi. "Ningesema hakuna."

*

Sista alikuwa chumbani kwake, akipanga vikombe kwa mstari ulionyooka. Inspekta alisimama wima mbele yake, mikono nyuma.

"Sista, nimekuja kupokea zamu. Sijui pa kuanzia."

"Hamfundishwi siku hizi." Hata hivyo alifurahi, ilionekana mabegani. "Zamu haipokewi kwa mdomo, mwanafunzi. Inapokewa kwa daftari." Akatoa mfukoni mwa aproni daftari dogo la mistari, lililokunjika kona.

Mwandiko ulikuwa mzuri wa kutisha. Tarehe, saa, kitanda, dawa, sahihi. Hakuna mstari uliopinda. Pipi za mnanaa hazikuandikwa popote. Sista alijua pipi ni pipi.

"Hawa ni wagonjwa gani, Sista? Kitanda cha tisa, cha kumi na moja, cha kumi na mbili. Kila siku ni hawa hawa."

"Ah, umeona!" Sista alishusha sauti kwa uchungu wa kazi. "Hawa wamesahauliwa. Nimepita wodi nzima, wenzao wote wana dawa, wao kadi nyeupe. Wagonjwa gani wasio na dawa? Daktari amewaruka. Na hapo hapo naletewa dawa ambazo hazijatumika. Niziache zioze? Nawapa kwa zamu. Na simwachi mtu mpaka nimeona chini ya ulimi."

Inspekta aliendelea kufungua kurasa. Kimoja, kimoja, kimoja. Halafu, kuanzia siku kumi na mbili zilizopita, viwili. Kitanda cha tisa, Jumatatu, viwili. Huyo ni Fundi Saa. Kitanda cha kumi na moja, Ijumaa, viwili. Karani. Kitanda cha kumi na mbili kilikuwa na vyake pia, wiki jana, mara mbili, siku zile zile mzee alipoanguka bafuni.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa leo.

*Jumanne, saa nne asubuhi. Kitanda cha 12. Vidonge viwili. Amemeza.*

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano. Saa nne asubuhi ya leo Haraka alikuwa mbele yake kituoni, akilia.

"Dereva," alisema Inspekta. Kisha akapaza sauti, yeye asiyepaza. "Dereva! Mungu wangu, hajalala yule!"

Alikimbia ukumbini akijitukana. Alikuwa amesimama juu ya kichwa cha yule mzee, akaona uzee, akaona usingizi, akaondoka zake na roho imetulia. Kosa lile lile walilofanya watu wote wa nyumba hii, yeye kalifanya na kadi nyeupe mkononi.

Kofia ilipotoka, uso wa Dereva ulikuwa wa majivu na umelowa. Macho yalifunguka nusu, hayakuona mtu. Mkono mmoja ulikuwa ukicheza-cheza juu ya goti.

"Ita gari la wagonjwa!" alimpigia kelele Msimamizi, naye akatoa simu, ikamponyoka, akaiokota. Inspekta alimshika mzee mabega na kumtikisa. Hakujua afanye nini. Alijua kufunga pingu, alijua kuhesabu vidonge, na mtu alikuwa anamfia mikononi mchana kweupe.

"Usimtikise! Huyo si mti wa maembe."

Sista alikuwa amekuja nyuma yao, bila mbio, kwa hatua ndefu. Alipiga goti, akashika kiganja cha mzee, akagusa shingo yake, akatazama saa.

"Sukari," alisema. "Imeshuka. Wewe mhudumu, maji ya sukari, vijiko vinne, mbio!" Msimamizi alikimbia kama hajawahi kuwa mnene. "Mwanafunzi, mwinue mgongo. Hapana, hivi. Baba, unanisikia? Meza mate. Amemeza, vizuri. Asingemeza tusingempa kitu mdomoni, tungemlaza ubavu. Shika hilo."

Alimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, akisubiri koo lipande na lishuke kabla ya kijiko kingine. Inspekta alishikilia mgongo uliolowa na kuhesabu bila kujua anahesabu nini. Baada ya dakika kumi hivi mkono uliokuwa ukicheza ulitulia. Dereva alimtazama Sista.

"Tumefika?" aliuliza.

"Bado, baba. Kunywa."

Gari la wagonjwa lilipofika, Sista ndiye aliyewapa maelezo, sentensi tatu, hakuna neno la ziada. "Na msidanganyike kwa kuwa ameamka," alimalizia. "Dawa hii inakaa. Itamshusha tena jioni. Asiachwe peke yake." Vijana wa gari la wagonjwa wakajibu ndiyo Sista, wakaondoka.

Inspekta aliegemea ukuta. Kisha akapiga simu kituoni. "Mtoeni Haraka. Ndiyo, sasa hivi. Mpelekeni kwa gari mpaka kwa mtoto wake. Maelezo nitaleta mimi."

Alipokata simu, Sista alikuwa amenyoosha mkono.

"Daftari, mwanafunzi. Tuone nani aliyempa yule dawa."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa nguvu, usimpe, usimpe. Lakini bibi alikwisha kulichukua. Alisoma amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na uso ukawa mgumu.

"Dawa ya kisukari kwa mtu asiye na kisukari. Dawa za kuokota!" Alirudi nyuma kurasa. "Kitanda cha tisa. Huyu yuko wapi?"

Inspekta hakuweza kumdanganya. "Amefariki, Sista."

"Cha kumi na moja?"

"Hospitalini. Bado hajaamka."

"Nani nesi huyu? Aondolewe wodini leo, nasema leo. Huyu anaua watu."

Sista alisogeza daftari karibu na macho na kuitazama sahihi. Aliitazama muda mrefu. Akachomoa penseli mfukoni, akageuza ukurasa mweupe, akaweka sahihi yake, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cheusi. Kisha akaikunja karatasi na kuzilaza sahihi mbili sambamba.

Penseli ilianguka.

"Ni mimi."

"Ulitaka kuwasaidia, Sista," alisema Inspekta.

"Sikuulizi nilitaka nini." Sauti ilikuwa imeingiwa na hofu, hofu kubwa, ya mtu anayejua kipimo cha kitu anachokiogopa. "Nasahau, sivyo? Ndiyo maana niko hapa. Basi na hili nitalisahau, sasa hivi, na nitataka kupita wodini tena, na mtaniachia, maana wote mnaniogopa. Nivueni hii aproni. Upesi, mwanangu, ningali najua kwa nini. Nivue!"

Akageuka, akampa mgongo. Kamba za aproni zilikuwa zimefungwa fundo la kinesi, dogo na gumu. Fundo la juu lilikubali. La kiunoni likakataa. Aliinama, akalivuta kwa kucha, na akahisi mgongo ule uliokuwa ukitetemeka unatulia kidogo kidogo, unanyooka.

"Mwanafunzi. Unafanya nini huko nyuma?"

"Nakuvua aproni, Sista. Umeniagiza mwenyewe."

"Mimi?" Bibi alizungusha kichwa. Macho yalikuwa mapana, hayana kitu ndani ila woga. "Nina zamu. Wagonjwa wananisubiri. Kwani nimekosa nini?"

Msimamizi aliugeukia ukuta. Fundo lililegea, na aproni ikamwangukia Inspekta mikononi.